Mlango wa Daktari Unaojifungua Wenyewe

Voi,
Jumapili, baada ya kanisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya Daktari, ambaye hamjaonana, lakini aliposikia naandika barua alisema, "Niamkie mzee wako." Natumaini miwani yako bado ina miguu yote miwili na unanisoma mwenyewe, maana ukimpa mdogo wangu Mkamburi akusomee ataruka mahali pa maana na kukimbilia salamu zake. Kifua cha Mama kimetulia? Mfereji unaleta maji, au watu wa juu wameanza tena kuuziba? Dereva wa lori la maharagwe aliniambia mahindi ya huko nyumbani Njukini yamefika kiunoni. Nilimshukuru Mungu, kwa sababu huku Voi hata nyasi zimekata tamaa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na ile suruali uliyonipa imeanza kunibana.

Miezi kumi sijapanda treni ya Taveta kuja kuwaona, na najua Mama amenuna. Mwambie nina habari ambayo ningeisubirisha mpaka nije, ningepasuka. Kaa kitako, Baba. Weka jembe chini. Nimeona mlango unaojifungua wenyewe, na sijanywa kitu.

Nilikuandikia kwamba niliacha kazi ya mkonge nikapata kwa Daktari, yule mama anayezalisha katika hospitali ya hapa. Mimi ndiye mwangalizi wa nyumba yake. Napika, nafua, natazama bustani, na jioni nafunga. Nyumba ni ya mwisho kabisa mjini. Ukitoka mlango wa jikoni, hatua hamsini umeingia porini. Mwaka huu mvua imetunyima, basi ndovu wamegundua tangi letu la maji. Ni wale wekundu wa huku, waliojipaka udongo mpaka ukimwona mmoja amesimama unadhani ni kichuguu. Wanakuja jua likielekea kuzama, na hiyo ndiyo saa Daktari anarudi kutoka kazini.

Gari lake analilaza katika chumba kilichoshikana na nyumba. Akishaliingiza, anapita mlango mdogo mpaka jikoni bila kutoka nje. Taabu ilikuwa ule mlango mkubwa wa mbele, wa mbao nzito. Kama hakuna mtu ndani wa kuufungua, lazima dereva ashuke. Siku moja nilikuwa nimekwenda posta. Daktari akashuka, akashika kishikio, akasikia mtu anapumua nyuma yake. Hakuwa mtu, Baba. Alirudi garini kinyumenyume, akakaa humo saa nzima akitazama magoti ya ndovu kupitia kioo. Niliporudi alinena maneno machache tu. "Mwadime, ama mlango huu ujifungue wenyewe, ama mimi nihamie nyumba za hospitali."

Mimi nilicheka kimoyomoyo. Mlango ujifungue, kwani una mikono? Lakini pia niliogopa, kwa sababu nyumba za hospitali ni chumba na jiko, hazina kazi ya mwangalizi.

Kumbe alikuwa na kitabu cha picha alichotumiwa na kaka yake aliye ng'ambo. Akamwita Fundi Salim, fundi wa stima, mtu wa Mombasa aliyeoa huku. Unapomsikia akiongea Kiswahili unaona aibu kufungua kinywa. Wakakaa kwenye ngazi na kile kitabu, na mimi nikajifanya nafagia papo hapo.

"Daktari," akasema Fundi, "hii ya kwanza ina nguvu za punda wawili, lakini imeundwa kwa umeme wa kwao, ambao ni nusu ya wetu. Tukiichomeka hapa itatoa moshi kabla sijasema bismillahi."

"Na hii?"

"Hii huvutwa na chuma kirefu cha skrubu. Haina kelele, ni ya kistaarabu. Lakini vumbi la Voi likishakitafuna hicho chuma, nitakipata wapi kingine? Chukua hii ya cheni. Itapiga kelele kama cherehani mbovu, ila cheni ikikatika, hata fundi wa baiskeli pale sokoni ataiunga. Na iwe na kamba ya kuifungulia kwa mkono. Stima ya hapa waijua mwenyewe, huondoka bila kuaga."

Daktari akasema ya cheni. Mashine ikaja kwa meli, ikaja kwa treni, nikaipokea stesheni ndani ya sanduku ambalo ningeweza kulibeba kichwani. Nikajiambia, hiki ndicho kitakachoinua mlango? Lo, watu wameibiwa!

Fundi hakuigusa ile mashine kwa siku tatu. Kwanza aliung'oa mlango wa mbao akaweka wa mabati, wa vipande vinne vinavyokunjana na kupanda juu katika reli mbili mpaka ulale chini ya dari. Juu yake akafunga springi mbili nene kama mkono wangu. Akaniita. "Njoo uone, Mwadime. Watu hudhani mashine ndiyo ibebayo mlango. Sivyo. Springi ndizo zibebazo. Mashine yaongoza tu." Akauinua ule mlango kwa kidole, wallahi kidole kimoja, mpaka usawa wa kiuno, akauachia. Ukabaki pale pale hewani, haupandi wala haushuki. "Mlango ukisimama hivi ni mzima. Ukianguka au ukiruka, usimlaumu mwenye mashine, tazama springi."

Mimi nilikuwa nimeshasogea nyuma.

Siku ya nne akatundika mashine darini, akaunga cheni, akampa Daktari kidude kidogo kama kipande cha sabuni chenye kitufe kimoja. Hakina waya, Baba. Narudia, na Mkamburi asikie: hakina waya. Daktari akatoka na gari mpaka barabarani, akageuka. Nikasimama katikati ya ua, mikono kichwani. Akabonyeza. Ndani mashine ikalia gruu, taa ikawaka yenyewe, na mlango ukaanza kupanda taratibu, kipande baada ya kipande, kama mtu mzima anayeamka bila haraka. Hakuna aliyeugusa! Nilipiga ukelele ambao siutaji hapa. Majirani wakatoka. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akauliza, "Nani yumo humo ndani?" Nikamjibu hayumo mtu. Akasema, "Basi mimi naenda kwangu."

Haikutosha. Fundi akaniambia nilete boga. Akaliweka kizingitini, akabonyeza. Mlango ukashuka, ukashuka, ukaligusa lile boga, ukasita, kisha ukarudi juu kama unaomba radhi. Boga halikupata hata mkwaruzo. "Ingekuwa mtoto, ni hivyo hivyo," akasema Fundi. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi. Nilijiuliza ni mtu gani huyo aliyekaa mahali fulani akamfikiria mtoto wa watu asiyemjua.

Wiki mbili nilikuwa mtu wa kuusindikiza ule mlango. Kila ukipanda nasimama wima. Mara mbili nilijikuta nimesema hodi. Daktari alicheka mpaka akashikilia gari.

Sasa, Baba, nimefika mahali pagumu.

Mlango haukuwa na komeo. Fundi aliliondoa komeo la zamani akasema halihitajiki. Usiku wa kwanza nilikaa kitandani macho makavu. Nyumba isiyo na komeo na ndovu wako tangini! Wewe mwenyewe ulitufundisha, jua likizama, komeo. Hata mgeni akija kwetu Njukini anaona lile gogo limesimama kando ya mlango. Mazoea yana taabu. Nikatafuta mti wa mkalatusi, ulionyooka vizuri, nikaupitisha katika vishikio viwili vya chuma vya upande wa ndani, ncha zikaingia katika matundu ya zamani ya ukutani. Ulikaa kama uliozaliwa pale. Nikalala.

Basi ikawa hivyo. Daktari akishaingia na kwenda kuoga, naweka mti wangu. Asubuhi kabla hajaamka nautoa, nausimamisha nyuma ya gunia la makaa. Sikumwambia mtu. Niliona haya kuonekana mshamba mbele ya mashine iliyokuja kwa meli.

Jumatatu iliyopita ndovu walikuja mapema, jua bado liko juu. Walikuwa sita, mmoja na mtoto wake. Daktari hajarudi. Niliwaona wakivuka ua, na miguu yangu ikanipeleka yenyewe. Nikaingia, nikatia mti, nikarudi jikoni kumenya viazi nikiwa na moyo mweupe. Sikukumbuka kabisa kwamba mwenye nyumba yuko nje.

Nikasikia gruu, kisha kimya. Gruu tena, kisha kimya. Nikadhani ni ndovu anajikuna tangini. Mara ya nne au ya tano ndipo kisu kikaniponyoka.

Nikakimbia. Nikachungulia kidirishani. Gari la Daktari liko mbele ya mlango, na yeye amekibana kidude kwa mikono miwili, anabonyeza. Hakupiga honi, maana huku kila mtu anajua ndovu mwenye mtoto hapigiwi honi. Yule ndovu mama alikuwa nyuma ya gari, masikio ameyatandaza, anatikisa kichwa. Mlango ulikuwa unajaribu kupanda, Baba. Niliuona ukiinuka upana wa kidole, ukikutana na mti wangu, ukikaa.

Na hapo sikuwa Voi. Nilikuwa Njukini, nina miaka minane, Mkamburi ananilia mgongoni, Mama yuko kwa bibi, na wewe uko shambani unapiga debe kufukuza ndovu. Jua lilikuwa limezama, nami nimetia komeo kama ulivyonifundisha. Ukaja mbio, ndovu nyuma yako. Ukasema, "Mwadime, fungua! Mwanangu, fungua!" Nami nilisikia. Nilisikia vizuri sana, na mikono haikunitii. Ukazunguka ukaparamia ghala, ngazi ikakatika, na mguu wako ukavunjika. Watu walipokuja ukawaambia mlango ulikwama, mbao zimevimba kwa mvua. Mpaka leo ndivyo Njukini yote inavyojua.

Safari hii mikono ilinitii. Nikauchomoa mti nikautupa nyuma ya gunia la makaa. Nikabonyeza kitufe cha pili, kilichoko ukutani kwa ndani. Mashine kimya, imezimika kabisa. Ndipo nikakumbuka ile kamba ya kufungulia kwa mkono, kamba nyekundu. Nikaivuta, ikalia tak, mlango ukaachana na cheni, nikautia mkono chini na kuuinua, na zile springi zikaupokea kama debe tupu. Daktari akaingiza gari. Nikaushusha nyuma yake, na nje yule ndovu akafika, akapumua, vumbi likaingia kwa chini. Kisha akaenda zake kwa mtoto wake.

Daktari akazima gari, akateremsha kioo. "Kulikuwa na nini?" akaniuliza.

Mti ulikuwa umelala nyuma ya gunia. Nikamwambia, "Mashine imekwama."

Nilipotamka neno hilo, Baba, nilikusikia wewe. Lakini wewe ulilisema kumfunika mtoto. Mimi nililisema kujifunika mwenyewe.

Fundi Salim akaja asubuhi. Akaurudisha mlango kwenye cheni, akabonyeza, nao ukapanda bila neno. Akabadilisha betri za kidude hata hivyo. Akaachanisha cheni akaupima mlango kwa kidole, ukasimama hewani. Akapaka mafuta, akafuta reli, akakaza skrubu inayoipimia mashine nguvu yake, akailegeza, akaikaza tena. "Mota ilichoka, ikajizima ipoe," akasema. "Ni tabia yake ili isiungue. Lakini ilichoshwa na nini? Kuna kitu kiliushika huu mlango." Akanigeukia. "Mwadime, wewe ulikuwa ndani. Hukuona kitu?"

"Sikuona."

Akaja Jumatano. Akaja Alhamisi. Aliifungua ile mashine akaitandaza kipande kwa kipande juu ya gazeti, akitafuta ugonjwa uliokuwa kwangu. Sokoni wameshaanza kusema Fundi Salim ameletewa kitu kilichomzidi kimo. Mtu yule kila saa sita alikuwa anachukua chai kwangu na mkate anaumaliza. Alhamisi aliurudisha mzima.

Ijumaa Daktari akatuita sote wawili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniua. Akasema, "Fundi, kama ungeniambia springi imekatika, ningenunua nyingine. Lakini mlango unaokataa bila sababu siwezi kuurudia jioni. Uteremshe. Nitahamia hospitali."

Fundi akasema, "Sawa, Daktari." Akaanza kuinua ngazi yake. Alikuwa ameinama kama mtu aliyefiwa.

"Fundi, ngoja," nikasema. Nikaenda nyuma ya gunia, nikauleta mti, nikauweka katikati yao. "Mashine haikukwama. Niliifunga kwa huu. Kila usiku naufunga."

Kisha nikamweleza Daktari yote, na la Njukini pia. Nisamehe kwa hilo. Ni siri yetu sote wawili, lakini hili la mti bila lile lisingeeleweka. Nililia mbele ya mwanamke na mbele ya Fundi, na siogopi kukuandikia.

Fundi alikaa chini pale pale sakafuni. "Alhamdulillahi," akasema. "Mashine yangu haina ila." Halafu akaniinulia macho, Baba, na nilitamani anipige. "Siku nne, Mwadime! Siku nne nimejiuliza kama mimi ni fundi au nimekuwa nikidanganya watu maisha yangu yote. Nilikuuliza, nawe ukanitazama usoni."

"Nimekukosea, Fundi."

"Umenikosea sana." Akasimama, akanishika bega, na si kwa upole. "Toka nje. Nenda ukauinue mlango."

Nikatoka. Ulikuwa umefungwa, hauna mti, hauna kitu. Nikainama nikautia vidole chini nikavuta. Haukuja. Nikavuta kwa mgongo wote, mimi niliyebeba mkonge miaka mitatu. Ni kama kuuvuta mlima wa Kasigau. Akatoka Fundi tukavuta wote wawili, jasho likatutoka, mlango umetulia tu. Kumbe mashine ikiwa imeungana na mlango ndiyo inayoushika! Ile cheni yenyewe ndiyo komeo. Kidole kimoja kinauinua ukiwa huru, na wanaume wawili hawauwezi ukiwa umefungwa. Nimeshindwa kuelewa mpaka sasa jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuwa chepesi hivyo na kizito hivyo. Na kuuliza si ujinga. Ningemuuliza siku ile ya kwanza, angenionyesha papo hapo.

Daktari alikuwa ametuangalia muda wote huo. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Mwadime, ulichonificha kingeniua. Ulichoniambia leo kimenirudishia nyumba yangu. Usinifiche tena." Akamgeukia Fundi, akampa mkono wa kulia akamwomba radhi, daktari mzima, akamwomba airudishe ngazi yake chini, mashine ibaki. Jioni yake Fundi alimaliza mkate, akaongeza na wa kwangu.

Jana Daktari alirudi jua likizama. Ndovu walikuwa tangini, wote sita. Nilisimama ndani, katikati ya chumba, mikono nimeiweka nyuma ili isifanye kitu. Nikasikia gari linakuja. Ikalia gruu, taa ikawaka, na mlango ukapanda wenyewe mpaka juu, na pale mbele yangu kukawa na mwanga wote wa jioni, na gari, na nyuma ya gari wale wekundu wamesimama wanatutazama. Daktari akaingia. Mlango ukashuka. Mungu wangu, Baba, nilikuwa nimesahau kupumua. Aliyekuwa nje ameingia, na mimi sikuwa nimetia wala kutoa kitu.

Nisalimie Mama, na kifua chake. Shangazi muuza maharagwe na uzi wake wa kupima magunia. Shemeji wa mferejini. Na mwalimu aliyenifundisha kuandika, mwambie mwandiko bado ni mbaya. Mkamburi nimemwekea kitambaa, lakini kwanza aape kwamba hajaruka mstari.

Na wewe, Baba. Miaka yote hii nimekuona ukiuburuta huo mguu kwenda shambani, na sijawahi kukuomba radhi, kwa sababu ulishafunga mjadala kwa neno lako moja. Leo naomba. Ni mimi niliyetia komeo, na nilikusikia ukiniita. Nijibu unavyotaka, hata kwa ukali. Ila nakusihi, usiniandikie kwamba mlango ulikwama.

Mimi mwanao akupendaye,
Mwadime